Kabla ya Kuzima Mashine, Uulize Moyo

Kumtoa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia ni kazi ninayoistahi sana. Akitolewa mapema mno, huenda akarudishiwa mpira kooni akiwa amechoka zaidi. Akicheleweshwa, nimonia humnyemelea na misuli ya kupumulia hulegea.

Zamani mgonjwa aliposhindwa kupumua bila mashine, lawama ziliangukia mapafu. Mwaka 1988 huko Créteil, Ufaransa, daktari François Lemaire na wenzake waliwapima wagonjwa 15 wenye ugonjwa sugu wa mapafu, kwa mrija uliopitishwa mshipani hadi moyoni. Mashine ilipoondolewa, shinikizo upande wa kushoto wa moyo lilipanda kutoka takriban milimita 8 za zebaki hadi 25. Mashine inaposukuma hewa kifuani huupunguzia moyo kazi. Ikiondoka, damu hurudi kwa wingi, moyo huelemewa, maji huingia mapafuni. Baada ya kupewa dawa za kupunguza maji mwilini, 9 kati yao waliweza kupumua wenyewe.

Siku hizi ekografia, yaani picha ya mawimbi ya sauti, huuliza kama moyo utahimili kuondolewa mashine, bila kutoboa mshipa, na ufundi wake unataka subira. Mgonjwa amelala chali, hageuziki kirahisi, na mapafu yaliyojaa hewa huziba picha. Daktari hukisogeza kifaa kidogo kidogo kati ya mbavu, chini ya titi la kushoto, mpaka moyo uonekane. Hupima kasi ya damu inayoingia ventrikali ya kushoto, kisha kasi ya msuli wenyewe unapotanuka. Ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili na jibu likazidi 14, mara nyingi shinikizo limepanda. Kisha hurudia vipimo mgonjwa akijaribu kupumua mwenyewe kwa nusu saa, kwa kuwa moyo uliotulia chini ya mashine unaweza kuyumba bila msaada wake.

Kwa mji kama Kisangani nchini Kongo, unaopata umeme wake kutoka mto Tshopo na wenye chuo kikuu kinachofundisha utabibu, ujuzi huu una thamani ya pekee. Ekografia ndogo hutumia betri, hubebwa hadi kitandani, na kesho yake humhudumia mama mjamzito.

Picha haiamui peke yake. Fahamu na nguvu ya kukohoa navyo hutazamwa. Lakini fundi hodari akiona moyo umeelemewa, hamwandiki mgonjwa kuwa ameshindwa. Huutibu moyo, kisha humjaribu tena.