Sosholojia nje ya chuo: kwa nini tumekubali kuwa wakalimani tu?



Kila tukikutana Matonge, hapa Ixelles, hakosi mtu wa kusema: "Digrii ya sosholojia? Ulaya hii ni karatasi ya kufungia maandazi." Watu wanacheka, halafu maongezi yanarudi kwenye zamu za usiku na kubeba boksi. Naomba leo nikikosoe kicheko hicho, nikianza na mimi mwenyewe.

Tatizo letu ni kudhani kwamba sosholojia ni cheo cha chuoni, kwamba usipopata kazi ya kufundisha basi umefeli. Mbona mji huu huu una ushahidi tofauti? Nendeni Parc Léopold, jirani kabisa na Bunge la Ulaya. Jengo linaloitwa leo Bibliothèque Solvay lilijengwa 1902 kwa ajili ya Taasisi ya Sosholojia, kwa fedha za Ernest Solvay. Bwana huyo hakuwa profesa, alikuwa tajiri wa viwanda vya kemikali aliyeamini kwamba jamii inaweza kuchunguzwa kisayansi. Siku hizi jengo linakodishwa kwa mikutano na hafla, na wenzetu wanapita hapo jioni wakienda kusafisha maofisi.

Mtaniambia ubaguzi upo. Upo, sibishi. Utafiti uliotolewa 2017 na Fondation Roi Baudouin kuhusu Wabelgiji wenye asili ya Kongo, Rwanda na Burundi ulionyesha kwamba kama asilimia 60 wana elimu ya juu, lakini ukosefu wa ajira kwao ni kama mara 4 ya ule wa Wabelgiji wengine. Lakini jamani, hilo tumelijuaje? Ni kwa sababu kuna watu waliokaa chini, wakauliza na wakahesabu. Kabla ya hapo kila mmoja alibeba mkosi wake peke yake. C. Wright Mills alishaandika mwaka 1959 juu ya tofauti kati ya shida ya mtu binafsi na suala la jamii nzima. Sisi tuliisoma ripoti ile kama taarifa ya msiba, tukapeana pole, tukaiweka kando.

Nami nina yangu. Nilifanya kazi miaka miwili katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kila kikao niliulizwa: "Waafrika wanalionaje hili?" Nami nikajibu! Kila mara nilijibu, kwa niaba ya bara zima, kutoka kichwani. Sikuwahi hata siku moja kusema: "Sijui, nipeni wiki tatu nikawaulize." Walitaka mdomo wangu na nikawapa mdomo, ile kazi niliyosomea nikaiacha nyumbani.

Chukua mfano wa hospitali. Tangu 1999 serikali ya Ubelgiji inagharimia watu wa kuwaunganisha wagonjwa wageni na madaktari. Tuseme akina mama kadhaa wanakosa miadi ya asubuhi, daktari anauliza kama ni utamaduni. Mkalimani ataanza kueleza utamaduni. Mwanasosholojia atafungua daftari: nani amekosa, siku gani, anafanya kazi wapi, anatoka saa ngapi. Akikuta wengi wanatoka kwenye usafi saa tatu asubuhi, basi utamaduni haumo, tatizo ni ratiba. Ataandika ukurasa mmoja kwa mkuu wa kitengo, bila majina ya wagonjwa, na kuomba miadi isogezwe mchana. Kazi hiyo haihitaji uprofesa.

Wala si jambo geni kwetu. Eduardo Mondlane alipata udaktari wa sosholojia Northwestern mwaka 1960, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha Syracuse, kisha mwaka 1963 akaacha ualimu akaja Dar es Salaam kuongoza FRELIMO, hadi alipouawa kwa bomu hapo hapo Dar tarehe 3 Februari 1969. Kitabu chake juu ya mapambano ya Msumbiji kimejaa takwimu za shule na uchumi wa kikoloni. Aliendelea kuhesabu hata akiwa vitani.

Sisemi nje ya chuo ni peponi. Anayelipa hupenda kuchagua jibu, na wapo wenzetu wanaoandika ripoti za kumfurahisha mfadhili. Huko ni kuwa mkalimani vilevile, ila kwa malipo mazuri zaidi.

Ombi langu ni dogo. Safari nyingine ukiulizwa "watu wako wanafikiri nini", omba muda, nenda kawaulize, halafu andika ulichokikuta hata kama hakitapendwa. Wakikunyima muda, sema wazi kwamba huna jibu. Najua kuna ambao kusema hivyo kunaweza kuwagharimu mkataba, ndiyo maana nataka kusikia kutoka kwao hasa.

Nawasilisha. Naomba kukosolewa.