Seli za NK Hulelewa na Majirani Zake

Barabara ya Taifa namba 2, mashariki mwa Kongo, inatoka Beni na Butembo, inapita Kanyabayonga, Kiwanja na Rutshuru, kisha inaingia Goma. Ndiyo njia ya maharagwe, ndizi na abiria, na mwaka 2019 ilikuwa pia njia ya kuogopwa. Tarehe 14 Julai mwaka huo Goma ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Ebola, msafiri aliyefika kwa basi kutoka Butembo. Siku 3 baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Mlipuko ulipomalizika Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287.

Kabla haujaisha, mwezi Novemba 2019, mitaa ya Majengo na Kahembe mjini Goma ilianza kupokea chanjo mpya ya dozi 2: kwanza Ad26.ZEBOV, na baada ya siku 56, MVA-BN-Filo. Zaidi ya watu 20,000 walipata dozi ya kwanza, wakiwemo wajawazito na watoto wa kuanzia mwaka 1. Chanjo ikitajwa, wengi hufikiria kingamwili tu. Lakini kuna seli nyingine ambazo chanjo hii inaziamsha, na namna zinavyoamshwa ni habari inayostahili kuelezwa taratibu.

Zinaitwa seli za NK, yaani seli za asili za kuua. Mwaka 1975, huko Stockholm, Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell walieleza seli za panya zilizoweza kuua seli za saratani bila panya huyo kufundishwa kwanza kwa chanjo wala maambukizi. Jina hilo la "asili" limepotosha wengi. Linamfanya mtu adhani kwamba seli hizi huzaliwa zikiwa tayari kwa kazi, kumbe zinategemea ujumbe wa seli nyingine tangu kuzaliwa hadi kufa.

Ujumbe huo hubebwa na saitokini, protini ndogo ambazo seli moja huzitoa ili kuiamuru nyingine. Seli ya NK huanzia kwenye uboho wa mifupa, katika ukoo uleule unaozaa seli za kinga za T na za B. Saitokini inayoitenga na ndugu zake na kuiweka hai ni interlukini-15, iliyogunduliwa mwaka 1994. Mwaka 2000 watafiti walitengeneza panya wasio na jeni la interlukini-15, na panya hao wakakosa seli za NK karibu kabisa.

Kwa binadamu ushahidi ulitoka kwa watoto wagonjwa. Wapo watoto wanaozaliwa bila kinga kwa sababu ya kasoro katika kipande kimoja cha kipokezi kinachotumiwa na saitokini kadhaa kwa pamoja, zikiwemo interlukini-7 na interlukini-15. Watoto hao hawana seli za T wala za NK. Wengine wana kasoro katika kipokezi cha interlukini-7 peke yake: seli za T hawana, za NK wanazo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyotoa jibu. Seli ya T haiwezi kukua bila interlukini-7. Ya NK inaweza, mradi interlukini-15 ipo.

Namna inavyopewa nayo ina ufundi wake. Interlukini-15 haimwagwi tu damuni ijifikie yenyewe. Seli jirani huishika juu ya utando wake, ikaisogeza mpaka iguse kipokezi cha seli ya NK, kama mama anavyomlisha mtoto tonge mkononi. Mguso huo huwasha vimeng'enya viitwavyo JAK1 na JAK3, navyo huamsha protini STAT5, ambayo huingia kwenye kiini na kufungulia jeni za kuishi na kugawanyika. Ikinyimwa interlukini-15, seli ya NK hufa ndani ya siku chache.

Katika damu ya mtu mzima seli hizi ziko katika ngazi 2 kuu. Changa zina alama nyingi ya CD56 na husikiliza sana saitokini, ingawa haziui kwa wepesi. Zilizokomaa, ambazo ni kama 9 kati ya 10, zina alama hiyo kidogo, zimejaa sumu ya perforini, na zina kipokezi cha kushika kingamwili iliyokwisha kumnasa adui.

Hapa ndipo chanjo ya Goma inapoingia. Helen Wagstaffe, Martin Goodier na wenzao wa chuo cha afya ya kitropiki cha London walichukua damu ya watu waliojitolea Ulaya kuchanjwa chanjo ileile ya dozi 2, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Baada ya chanjo, seli za NK ziligawanyika zaidi na kuamka zaidi. Kisha wakachanganya damu hiyo na glaikoprotini, ile protini ya nje ya kirusi cha Ebola. Seli za NK ziliitika, lakini kwa msaada tu. Monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, ndizo zilizoitambua glaikoprotini kwanza kupitia kipokezi TLR4, zikatoa interlukini-18 na interlukini-12, na hizo ndizo zilizoamsha seli za NK. Interlukini-18 ikizuiwa, mwitikio unaporomoka. Na glaikoprotini ikizidi, interlukini-10 hukaza breki. Zilizoitika zaidi zilikuwa seli changa.

Neno "changa" ndilo la kuangaliwa, kwa kuwa damu ya Afrika si ya Ulaya. Goodier na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba nchini Gambia, ambako karibu kila mtoto huambukizwa kirusi cha sitomegalo angali mdogo, seli za NK hukomaa haraka mno. Seli zilizokomaa hazisikii saitokini kama changa zinavyosikia. Basi matokeo ya London hayawezi kuhamishiwa Majengo kama yalivyo.

Malaria nayo ina mkono wake. Mwaka 2023 utafiti wa watoto 264 wa Uganda ulionyesha kwamba wanaougua malaria mara kwa mara hujijengea kundi la seli za NK zisizo na alama ya CD56 kabisa. Zamani seli za aina hiyo zilidhaniwa zimechoka. Hapana: ziliua vizuri zaidi zikisaidiwa na kingamwili, na watoto waliokuwa nazo nyingi walikingwa zaidi na malaria yenye dalili. Malaria ilipopunguzwa sana, seli hizo nazo zikapungua upesi. Mtoto wa Rutshuru, anayeumwa na mbu wa bondeni mwaka mzima, huenda ana seli za NK zilizolelewa na ujumbe ambao kijana wa London hajawahi kuupata.

Hilo linaweza kupimwa. INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, mmoja wa watafiti wa kwanza wa Ebola duniani tangu mlipuko wa Yambuku wa 1976, ilifungua maabara Goma mwaka 2021. Kipimo chenyewe kinahitaji mirija ya damu, friji ya uhakika, kemikali za kutia rangi na mashine ya leza inayosoma seli mojamoja. Vita vya eneo hilo vimevifanya hivyo vyote kuwa vigumu, na kufungwa kwa uwanja wa ndege wa Goma Januari 2025 kulizidisha ugumu. Hata hivyo, waliochanjwa Majengo na Kahembe walitoa mikono yao wakati dunia ilipohitaji jibu kuhusu Ebola. Wafadhili wa chanjo hiyo na wizara ya afya wahakikishe kwamba seli zao za NK zinapimwa, zinapimiwa Goma, na kwamba majibu yanawafikia wenyewe.