Majani Matatu, Maua Saba

Ukikutana na nembo ya mti wa kiri kwenye chombo cha kale cha Kijapani, hesabu maua kwanza. Chini kuna majani matatu mapana, na juu yake vimesimama vikonyo vitatu vya maua. Kikonyo cha katikati kikiwa na maua matano na vya pembeni matatu matatu, hiyo ni kiri iliyotumiwa na koo nyingi. Kikiwa na saba, na vya pembeni matano matano, unatazama nembo ya daraja la juu, ambayo serikali ya Japani inaitumia hadi leo. Tofauti hiyo yote huweza kukaa ndani ya duara la dhahabu lisilozidi ukucha wa kidole gumba, na maua bado yanahesabika.

Mwanzoni, kwangu nembo ya ua la petali tano ilikuwa ua la petali tano, basi. Kisha nikajifunza kutazama ncha. Petali ya sakura, ua la mcheri, ina pengo nchani, kama imeng'atwa na panya. Ya ume, ua la mplamu wa Kijapani, ni mviringo mtupu. Ya kikyo imechongoka, zote tano zikishikana kama kengele iliyofunguka. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye majani. Aoi ya ukoo wa Tokugawa, waliotawala Japani kuanzia 1603 hadi 1868, ni majani matatu yenye umbo la moyo, ncha zake zikielekea katikati ya duara. Katabami, kijimea cha majani machachu ambacho hata kwetu humea bustanini bila kupandwa, nayo ina mioyo mitatu iliyopangwa vilevile. Hapo tazama mishipa. Jani la aoi limejaa mishipa iliyochorwa mmoja mmoja, na kikonyo chake hufika kwenye ukingo wa duara. Jani la katabami ni tupu, pengine na mstari mmoja tu. Na kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: mmea wenyewe wa aoi, uotao kwenye vivuli vya misitu, kwa kawaida huwa na majani mawili. La tatu aliliongeza mchoraji. Naamini ni duara lililomdai.

Lakini anayeishia kwenye nembo ameacha nusu ya utamu. Hekalu la Kodai-ji mjini Kyoto lilianzishwa mwaka 1606 na Nene, mjane wa mtawala Toyotomi Hideyoshi, na vyombo vyake vya laka vimeupa mtindo mzima jina la hekalu hilo. Juu ya weusi wa laka huota nyasi za majira ya majani kupukutika: susuki yenye mashuke yaliyoinama, hagi yenye vijani vidogo, kikyo, na kiku, yaani krisanthemamu. Katikati ya nyasi hizo zimetupwa nembo za kiri na kiku. Kwa hiyo kiku moja ni mmea, imepinda kana kwamba upepo umepita sasa hivi. Na jirani yake kiku nyingine ni nembo, imetulia kama gurudumu. Zinakaa pamoja wala hazigombani. Sijaona mahali pengine ambapo bustani na mamlaka vimechorwa kwa mkono mmoja hivi.

Kazi hiyo huitwa maki-e, yaani picha ya kunyunyizwa. Fundi huchora kwa laka, kisha kabla haijakauka huinyunyizia unga wa dhahabu kwa mrija wenye kitambaa mdomoni, akiugongagonga kwa kidole. Mafundi wa mtindo wa Kodai-ji mara nyingi waliiacha dhahabu kama ilivyotua, na mishipa ya majani wakaichora kwa ncha ya sindano, laka ikiwa bado laini. Mstari ukipotoka, hakuna pa kuuficha.

Laka yenyewe ni utomvu wa mti wa urushi, ndugu wa mwembe na mkorosho. Aliyewahi kubangua korosho akaunguzwa na mafuta ya ganda lake anaujua ukali wa ukoo huo, maana urushi mbichi nayo huwasha ngozi hadi ivimbe. Mti hutunzwa miaka 10 na zaidi ndipo utoe takriban gramu 200 tu. Tena utomvu huo hauanikwi juani. Hukaushwa ndani ya kabati lenye unyevu, tabaka baada ya tabaka.

Nembo isikufanye udhani umeshampata mwenye mali. Hideyoshi alipewa kiri na mfalme, naye akawagawia watu wake kama heshima, ikaenea. Aoi ni habari nyingine. Zama za Tokugawa, kuitumia bila ruhusa lilikuwa kosa. Ndiyo maana aoi za vyombo vya arusi vya Chiyohime, binti wa shoguni (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Iemitsu, hazina utata. Vilitengenezwa na Koami Nagashige, na leo vinatunzwa katika makumbusho ya Tokugawa huko Nagoya. Picha za vyombo hivyo zimetoka katika sura moja ya riwaya ya kale, Hadithi ya Genji, na kati ya misonobari na miti ya ume zimefichwa herufi za shairi lililomo katika sura hiyo. Chiyohime aliozwa mwaka 1639, akiwa na umri wa miaka miwili. Hakuwa bado na uwezo wa kusoma hata herufi moja.