Bega Moja, Sheria Mbili

Tuanze na mwili. Chanjo nyingi za watu wazima huchomwa kwenye msuli mnene wa bega. Sindano ikiingia juu mno, dawa inaweza kufika kwenye kifuko cha majimaji kilicho chini ya msuli huo na kuleta uvimbe. Mtu anashindwa hata kuchana nywele, kwa miezi. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliiita hali hii SIRVA.

Marekani ina mfuko wa fidia uliotokana na sheria ya 1986. Unajazwa na ushuru wa senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. SIRVA iliingizwa kwenye jedwali lake 2017. Kama maumivu yalianza ndani ya saa 48, bega halikuwa na shida kabla, na hakuna sababu nyingine, basi sindano inachukuliwa kuwa ndiyo chanzo. Kwa kawaida madhara yawe yamezidi miezi 6, na dai lifunguliwe ndani ya miaka 3. Hata ukishindwa, mfuko unaweza kumlipa wakili wako, mradi dai lilikuwa na msingi.

Mpaka hapo, safi. Ila kikomo cha fidia ya maumivu, dola 250,000, hakijasogea tangu 1986. Na kama chanjo ilikuwa ya Covid, unapelekwa mpango mwingine kabisa: muda ni mwaka 1 tu tangu uchanjwe, hakuna mahakama, hakuna fidia ya maumivu, na wakili unamlipa mwenyewe. Bega lile lile, kosa lile lile! Mwili haujui tofauti hiyo. Sheria ndiyo imeitunga.

Mwaka 2020 wizara ya afya ilipendekeza SIRVA iondolewe, eti tatizo ni uchomaji, si chanjo. Kanuni ilipitishwa Januari 2021, ikafutwa Aprili. Hoja ile ina ukweli nusu. Kweli, mfuko ukilipa, aliyechoma hawajibiki. Lakini dawa yake ni kufundisha wachomaji vizuri, si kumwacha mgonjwa apambane peke yake. Na kuficha madhara haya adimu kunawapa wapinga chanjo mtaji wa bure.

Siku ukichanjwa, usivute kola tu. Vua mkono mzima wa shati, bega lote lionekane.