Hadithi Isiyoitikiwa

Katika desturi yetu hadithi haianzi mpaka mtu aitikie. Msimulizi husema "Paukwa!", kisha hungoja "Pakawa!", na asipoitikiwa hana la kuendelea nalo. Basi nilipokutana na zile kadi ambazo mafundi wa programu za kompyuta huziita hadithi za watumiaji, nilizisoma kwa macho hayo. Nilitafuta anayesimulia ni nani na anayeitikia ni nani, na katika nyingi nilizosoma sikumwona hata mmoja wao. Ninazihakiki hapa kama ninavyohakiki maandishi mengine, maana nazo ni maandishi, na madhara yake huwafika watu ambao hawatazisoma kamwe.

Kwanza tuwatendee haki walioanzisha. Katika miaka ya 1990, Kent Beck na wenzake walikuwa wakitengeneza programu ya mishahara ya kampuni ya magari ya Chrysler huko Marekani. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuandika mahitaji yote katika kitabu kinene, kikatiwa saini, mafundi wakajifungia nacho kwa miezi mingi, na hatimaye wakatoka na kitu ambacho hakuna aliyekihitaji. Beck alitaka mteja akae na mafundi chumba kimoja, aandike haja yake kwa maneno machache katika kadi ndogo, na yaliyobaki ayaseme kwa mdomo. Aliyaeleza hayo mwaka 1999 katika kitabu chake, Extreme Programming Explained. Ron Jeffries, aliyekuwa naye katika kazi ile, aliyafupisha mwaka 2001 kuwa mambo matatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Kadi ni ukumbusho tu. Hadithi yenyewe imo katika mazungumzo, na uthibitisho ni jaribio la kuonyesha kwamba tumeelewana. (Programu ile ya mishahara ilianza kutumika mwaka 1997, lakini mradi wenyewe ukasimamishwa mwaka 2000 kabla ya kufika ulikokusudiwa. Wanaousifu aghalabu huitaja tarehe ya kwanza wakaiacha ya pili.)

Yaliyofuata ndiyo yanayonishughulisha. Katika kampuni moja ya London iliyoitwa Connextra, mnamo mwaka 2001, mafundi walibuni kiolezo cha kuwasaidia kuandika kadi zao: kama mtu fulani, nataka jambo fulani, ili nipate faida fulani. Kitabu cha Mike Cohn, User Stories Applied, cha mwaka 2004, kilikuwa miongoni mwa vilivyokieneza, ingawa Cohn mwenyewe anasisitiza mazungumzo ukurasa baada ya ukurasa. Lakini msomaji mwenye haraka huchukua kiolezo akaacha kitabu. Leo mafundi wa ule utaratibu uitwao ajaili hujaza mamia ya sentensi za namna hiyo ndani ya kompyuta, na mtu akiijaza sawasawa huhesabiwa kuwa amesikiliza.

Kwa Kiswahili kiolezo hiki kimeingia na kasoro ya peke yake. Neno "kama" kwetu ni la kufananisha. Asemaye "ananipenda kama mama" anakiri papo hapo kwamba huyo si mama. Kwa hiyo "Kama mkulima, nataka kuona bei" ni sentensi ya mtu anayejifananisha na mkulima, naye mkulima yuko mbali, shambani kwake. Mwenyewe angesema "mimi mkulima", na yamkini asingesema "nataka", angesema "naomba". Wapo watakaodhani ninashikilia herufi. Lakini mara nyingi sarufi husema kweli pale mwandishi anapoficha.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa rundo la kadi nisanifu Kiswahili chake. Zilikuwa za programu ya simu kwa ajili ya vikundi vya kuweka na kukopa, vile tunavyoviita vikoba. Kampuni siitaji. Kadi moja ilisema: "Kama katibu, nataka kufungua daftari kwa namba yangu ya siri ili niandike michango ya wanachama." Ilikuwa fupi na yenye kueleweka, na ungeweza kuikadiria na kuijaribu. Zile sifa sita ambazo Bill Wake alizitaja mwaka 2003 ilizitimiza zote.

Sasa fikiria kisanduku cha kikoba. Katika vikundi vingi huwa na kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti, ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na kisanduku nyumbani kwake. Hufunguliwa mbele ya kikao, fedha zikahesabiwa kwa sauti, na wanachama wakashika kichwani jumla iliyobaki, ili mkutano ujao asitokee wa kuwadanganya. Huo ndio ulinzi wote wa akiba ya watu wasio na benki. Ile kadi njema ilizikusanya funguo zote tatu ikampa mtu mmoja.

Nilipouliza, nikajibiwa kwamba hilo si tatizo, itaongezwa kadi nyingine: "Kama mshika ufunguo, nataka kuthibitisha ili fedha ziwe salama." Hapo ndipo nilipoona upungufu hauko kwa mwandishi peke yake. Kiolezo kina nafasi ya mtu mmoja na haja moja. Kufuli tatu si haja ya mtu yeyote. Hakuna mwanamke anayeamka asubuhi akitamani kubeba ufunguo wa watu! Ni mapatano ya watu wanaopendana na wasioaminiana kabisa, na kiini chake ni katazo: mtu asiweze. Kiolezo kinajua kusema "nataka", hakijui kusema "asiweze". Aidha, sifa ya kwanza ya Wake, kwamba kila hadithi ijitegemee, inafaa kwa kupanga kazi ya wiki; lakini katika kikoba kila jambo limefungwa kwa jingine, na anayeyatenganisha ayaandike kadi kadi atakuwa ameuvunja mkoba wenyewe.

Kadi siwezi kuitupa. Neno "ili" ni jema, humlazimisha mwandishi kutoa sababu. Na upande wa nyuma, mahali pa uthibitisho, lile katazo lingeandikika bila taabu: katibu akiwa peke yake, daftari halifunguki.

Nilimwomba kijana mmoja wa mafundi wale tuende kwenye kikao cha kikundi cha jirani. Alisalimu vizuri, akakaa mkekani, na baada ya fedha kuhesabiwa akauliza swali ambalo halikuwa katika kadi yoyote.

"Mama, mshika ufunguo mmoja akisafiri, inakuwaje?"

"Anauacha kwa aliyemtaja mbele yetu, mwanangu," akajibu mwenyekiti. "Si kwa mumewe."

Wanawake wakacheka, wawili hawakucheka. Kijana akageuza kadi yake akaandika, kisha akauliza tena: na asipomtaja mtu? Hapo wakaanza kubishana wao kwa wao, na tulikaa pale hadi adhuhuri.