Mshono wa mzazi na maji ya moto ya Mama

Mdogo wangu alirudi nyumbani Tanga siku ya tatu baada ya kujifungua kwa upasuaji, akamkuta Mama ameshachemsha maji. Kwetu mzazi hukandwa. Kitambaa huchovywa kwenye maji ya moto, kikakandamizwa tumboni ili damu iliyobaki itoke, kisha tumbo likafungwa mkaja.

"Damu ikiganda humo ndani itamdhuru mwenzio," Mama aliniambia. Hofu yake ilikuwa ya haki, ila maji ya moto hayafiki huko anakokuhofia. Damu husukumwa nje na mfuko wa uzazi wenyewe unapojikaza, na mtoto akinyonya, mwili wa mama hutoa oksitosini, homoni inayouongezea mfuko huo nguvu. Maji huishia kwenye ngozi iliyoshonwa, yakailainisha wakati inatakiwa ikae kavu, na pengine kuiunguza. Tukapatana: akandwe mgongo na mabega, mtoto anyonye kila anapotaka, mkaja ungoje. Mama hakunyang'anywa kazi yake, na mshono ukaachwa upumzike.

Kwa nini upumzike, ilhali kwa macho ulionekana umeshapona? Ngozi iliyoshonwa vizuri hujiziba kwa juu ndani ya saa 24 hadi 48. Chini yake kuna mafuta, utando mgumu unaoshikilia misuli, na mfuko wa uzazi. Hivyo vyote navyo vimekatwa na kuungwa. Wiki ya kwanza ikiisha, ngozi ya pale haijapata hata sehemu ya kumi ya nguvu yake ya zamani. Baada ya miezi 3 hufika kama asilimia 80, na haifiki 100 maisha yote. Ndiyo maana mdogo wangu aliruhusiwa kuoga mapema lakini ndoo ya maji hakuigusa kwa wiki 6. Mzigo wake mkubwa ulikuwa mtoto. Kuinuka kitandani aligeuka ubavu kwanza, akajisukuma kwa mkono. Akitaka kukohoa, alibana kanga iliyokunjwa juu ya mshono.

Kuoga kwenyewe kulikuwa kwa kopo: maji safi yatiririke juu ya mshono pamoja na povu la sabuni, bila dodoki, bila kuketi ndani ya beseni. Kisha alijikausha kwa kanga safi kwa kugusagusa. Tumbo la mzazi huning'inia likafunika mshono, na kwa joto la Tanga jasho hujikusanya kwenye mkunjo huo. Kwa hiyo alilala chali dakika chache mchana, mshono ukapata hewa. Chupi alivaa zile ndefu, mpira wake ukae juu zaidi, usiguse mshono.

Jirani alileta kapsuli ya antibayotiki, aifungue na kunyunyiza unga wake. Tulimshukuru, hatukuitumia: unga ule huganda juu ya kidonda, huweza kuleta mzio, na huwazoesha vijidudu dawa. Spiriti nayo huchoma chembe changa zinazojenga ngozi.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kuangalia. Karatasi nyingi za ushauri husema "angalia wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Panaweza kuwa peusi zaidi au kama zambarau, ngozi ikavimba na kung'aa. Kwa hiyo tulitumia mgongo wa mkono, upande mmoja wa mshono kisha wa pili, kulinganisha joto na ugumu. Siku ya sita kona ya kushoto ilikuwa ya moto. Nilizungushia uvimbe mstari wa kalamu, na jioni ulikuwa umeuvuka. Hatukungoja asubuhi. Kituo cha afya kilifungua nyuzi mbili, usaha kidogo ukatoka, akasafishwa na kuandikiwa dawa. Tungengoja wekundu, tungechelewa.

Maambukizi ya mshono hujitokeza sana kati ya siku ya 4 na ya 10, wakati wageni wa kumwona mtoto ni wengi na hakuna anayemtazama mama. Mfunulieni mshono kila siku, mwangani. Mkikuta joto, usaha, harufu, mshono kuachia, au homa ya kuanzia nyuzijoto 38, mpelekeni siku hiyohiyo. Msingoje kliniki ya wiki ya 6.