Anayetembea Anasema na Nani? Kumsoma de Certeau Kutoka Sanje

Mwaka 1980 Mfaransa Michel de Certeau alichapisha kitabu kuhusu mambo ya kila siku, na ndani yake mna sura juu ya watembea kwa miguu mjini. Anaanzia ghorofa ya 110 ya World Trade Center, New York, jengo lililoangushwa mwaka 2001. Kutoka juu, anasema, mji husomeka kama maandishi. Walio chini huuandika kwa miguu yao bila wenyewe kuweza kuusoma. Kwake kutembea ni kama kusema: mitaa ni lugha, na anayekata njia ya mkato anatunga sentensi yake.

Hoja hii ni tamu, lakini nauliza: huyo mtembeaji anasema na nani?

Sanje si New York, ni kijiji cha kando ya barabara kati ya Kidatu na Mang'ula. Hata hivyo nasi tuna ghorofa yetu. Ukisimama juu ya maporomoko ya Sanje, mita 170 hivi, unaliona bonde la Kilombero na miwa yake kama ramani. Sasa shuka chini. Watu hawafuati tu njia iliyo fupi. Masika wanakwepa tope, mchana wanafuata kivuli cha miembe. Jioni mwanamke anakiacha kijia cha kwenye miwa, japo ni kifupi, anazunguka barabarani penye watu. Mwingine anapita kule nyuma, eti asionane na mwenye duka anayemdai. Mwingine anazunguka kusudi ampe mzee shikamoo. Hayo ni majibizano, si kauli ya mtu mmoja.

Hapo ndipo de Certeau anapopwaya: anampa mtembeaji ujanja, hampi majirani. Kijia chetu ni kama ngano. Hakina mtunzi mmoja, kila apitaye hukitamba upya, na kisipopitwa hufutika.

Tena kinaweza kufutwa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Wanavijiji waliendelea kuruhusiwa kuokota kuni kavu humo kwa siku maalumu, hadi ruhusa ilipokoma mwaka 2011. Msitu una haki yake, sibishi. Ila njia ya kuni ilikuwa pia njia ya maongezi, na ujanja wa mtu mmoja mmoja haukutosha kuirudisha.

Turudi kwenye riwaya. Katika *Vuta n'kuvute* (1999) ya Shafi Adam Shafi, Yasmin anamkimbia mume mzee, nduguze wanamkataa, na Mwajuma anampokea Ng'ambo. Mhakiki anayeandika "mandhari ni Unguja" kisha akafunga daftari, jamani, amesoma nini? Njia ya Yasmin ndiyo maudhui yenyewe: mlango upi umefungwa na upi u wazi.

Basi wenzangu, tunapochambua riwaya za mjini tusiishie kuuliza mhusika anapita wapi. Tuulize anamkwepa nani, anamwendea nani, na nani kaziba njia.